Sayansi ya michezo, fiziotherapia au elimu ya viungo: usome ipi chuo kikuu?

Wiki ya kwanza chuoni huwezi kuwatofautisha wanafunzi wa kozi hizi tatu. Wote wamevaa traksuti, na ukiwauliza kilichowaleta, jibu ni lile lile: napenda michezo. Rudi muhula wa pili. Mmoja yuko maabara anahangaika na takwimu za oksijeni. Wa pili amefumba macho anajikumbusha misuli ya bega na neva zinazoihudumia. Wa tatu anaandika andalio la somo la dakika 40 kwa watoto 35 na mipira 6. Hapo ndipo wengine hugundua kwamba wamekaa darasa lisilo lao, na ada imeshalipwa.

Mimi nilisoma sayansi ya michezo na mazoezi. Sijajutia, lakini niliona wenzangu waliotamani kutibu wakihesabu miaka kwa uchungu. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Nitaziweka kozi tatu kwenye mizani moja, nikijitahidi nisiipendelee yangu.

Kwa nini zinafanana hivi

Ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha mjini Stockholm chuo cha jimnastiki ambapo walimu wa mazoezi ya viungo walifundishwa chini ya paa moja na watu waliotumia mazoezi kutibu maradhi. Baadaye hao waliotibu kwa mazoezi, ambao leo tunawaita wataalamu wa fiziotherapia, wakaelekea hospitalini, walimu wakabaki shuleni. Sayansi ya michezo ilichelewa kujitenga. Mwaka 1964 Franklin Henry, profesa wa California, aliandika akitetea kwamba mwendo wa mwili wa binadamu unastahili kuwa taaluma ya kuchunguzwa yenyewe, hata kama anayeisoma hatakuwa mwalimu. Kufikia mwaka 1975 chuo cha Liverpool, Uingereza, kilikuwa kikitoa shahada yenye jina hilo la sayansi ya michezo.

Kwa hiyo usishangae kukuta anatomia, yaani elimu ya muundo wa mwili, kwenye kozi zote tatu. Tofauti iko kwenye kile unachotakiwa kukifanya na hiyo anatomia.

Vigezo vya kupimia

Nimetumia maswali manne. Unasoma nini hasa, pamoja na unachohitaji ili kuingia? Mikono yako inafanya nini siku ya kawaida ya mafunzo? Siku ya kuhitimu, cheti kinakufungulia mlango upi na kinakuacha nje ya upi? Na mwisho, kozi inamfaa mtu wa namna gani?

Sikuweka mshahara miongoni mwa vigezo, kwa kuwa unatofautiana mno kati ya nchi na nchi na kati ya mwajiri na mwajiri. Urefu wa safari ya kufika kwenye ajira nimeuweka ndani ya swali la tatu.

Sayansi ya michezo na mazoezi

*Unachosoma.* Nguzo ni tatu: fiziolojia (mwili unavyofanya kazi), biomekanika (nguvu na mwendo wa mwili) na saikolojia. Juu yake huongezwa lishe, namna mtu anavyojifunza ustadi wa mwili, takwimu na mbinu za utafiti. Kuingia kwa kawaida kunahitaji angalau somo moja la sayansi, na biolojia ndiyo husaidia zaidi. Lakini anayeiogopa hesabu ajue mapema kwamba biomekanika ni fizikia iliyovaa raba, na takwimu zitamfuata hadi mwaka wa mwisho.

Swali linalopita katika kozi nzima ni hili: mwili unafanya nini unapojitahidi, na tunajuaje? Hilo "tunajuaje" ndilo zito. Miaka ya 1920 Archibald Hill, mwanafiziolojia wa Uingereza aliyepata Nobel ya mwaka 1922, alikuwa akikimbia mwenyewe kwenye nyasi huku amebeba mfuko wa kukusanyia hewa aliyoitoa. Alionyesha kwamba matumizi ya oksijeni hupanda pamoja na mwendo mpaka yafike dari, kisha hayapandi tena hata ukijikaza. Dari hiyo ndiyo leo maabara zote huiita VO2max, na mwanafunzi wa sayansi ya michezo huipima, huihesabu na huibishania kwa miaka yote ya masomo.

Watu wengi husahau nusu ya pili ya jina la kozi. "Mazoezi" ina maana kwamba husomi wanariadha tu. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Waligundua kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Sehemu kubwa ya kozi ya leo inatokana na mstari huo: kisukari, shinikizo la damu, uzee, na kiasi cha mwendo kinachomtosha mtu asiye na ndoto ya medali.

*Mikono inafanya nini.* Inapima. Mwenzako yuko kwenye mashine ya kukimbilia, amefungwa barakoa yenye mrija, na kila dakika tatu kasi inaongezwa. Wewe umeshika kijisindano. Anaposimama kwa nusu dakika unamchoma ndewe ya sikio, na tone la kwanza unalifuta. Unachopima ni lakteti, kemikali inayoongezeka kwenye damu misuli inapofanya kazi kwa nguvu. Jasho lina lakteti yake, na likichanganyika na damu kipimo chako kimeharibika. Tone la pili ndilo unalolikinga. Wakati huo huo mwenzako anaonyesha kwa kidole namba kwenye kadi ya Gunnar Borg inayoanzia 6 na kuishia 20, aeleze anavyojisikia kuchoka. Anagusa 17. Unatazama mapigo ya moyo: 171. Borg, Mswidi, aliipanga kadi hivyo makusudi, ili kwa kijana mwenye afya namba ikizidishwa mara kumi ikaribie mapigo ya moyo. Mara ya kwanza nilipoona hesabu hiyo ikitimia mbele ya macho yangu nilisisimka, na bado nasisimka.

Jaribio kama hilo halimalizi saa moja. Kuchora grafu, kueleza kwa nini lakteti ilipanda ghafla kwenye hatua ya tano, na kukiri kilichoweza kuharibu kipimo kunachukua siku kadhaa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo wachache hupata wito wao.

*Cheti.* Lazima niseme wazi: katika nchi nyingi shahada hii peke yake si leseni ya kazi yoyote. Usome saikolojia ya michezo mihula mitatu, bado hutakuwa mwanasaikolojia wa michezo. Uingereza, kwa mfano, jina hilo linalindwa kisheria, na njia yake ya kawaida inapitia shahada ya saikolojia inayotambuliwa na mafunzo zaidi juu yake. Vivyo hivyo kwa mtaalamu wa lishe tiba. Kazi za maabara kwenye timu kubwa zipo, ila ni chache, na mara nyingi wanaozipata wana uzamili pamoja na miaka ya kujitolea.

Upande mwingine wa sarafu ni upana. Wahitimu huenda kwenye uchambuzi wa data za wachezaji, ukocha wa nguvu na stamina, programu za mazoezi kwa wagonjwa wa moyo, uhamasishaji wa afya na utafiti. Australia ina mfano mzuri: mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi aliyeidhinishwa huhesabiwa miongoni mwa watoa huduma za afya, na wagonjwa wa magonjwa sugu hutumwa kwake na daktari. Tena shahada hii ni daraja. Uingereza mhitimu anaweza kuongeza mwaka mmoja wa ualimu akafundisha elimu ya viungo, au kusoma uzamili wa miaka miwili unaomfanya mtaalamu wa fiziotherapia mwenye usajili, ingawa nafasi hizo zinagombewa.

*Inamfaa nani.* Anayependa kuuliza kwa nini kuliko kuambiwa fanya hivi. Anayeweza kukaa na jedwali la namba bila kusinzia. Pia anayevumilia kutojua mapema kazi yake itaitwaje.

Fiziotherapia

*Unachosoma.* Anatomia kwa kina ambacho kozi nyingine mbili hazifiki: misuli inaanzia wapi, inashikia wapi, neva gani inaihudumia, na inaposhindwa mtu anatembeaje. Baada ya hapo huja matawi makuu ya kliniki: mifupa, misuli na maungo, ubongo na neva, moyo na mapafu. Ushindani wa kuingia ni mkali. Vyuo vingi huangalia alama za juu za biolojia, na vingine kemia au fizikia.

Sikiliza hili kwa makini kama umevutiwa na yule mtu anayekimbilia uwanjani na begi mchezaji akianguka. Michezo ni sehemu ndogo ya fiziotherapia. Mwanafunzi anayewaza magoti ya wachezaji hujikuta wiki nzima katika chumba cha wagonjwa mahututi, akimsaidia mtu kukohoa makohozi yatoke kifuani. Kazi hiyo huokoa maisha, lakini haina filimbi wala mashabiki.

*Mikono inafanya nini.* Inagusa watu. Chukua mgonjwa wa kiharusi anayejifunza upya kusimama kutoka kwenye kiti. Asiyejua angemvuta mikono, na kumvuta bega lililopooza ni kumjeruhi. Mwanafunzi anafundishwa kupiga magoti mbele yake, kuhakikisha nyayo zimerudishwa nyuma kidogo ya magoti, kisha kumwambia ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Uzito ukishahamia mbele, makalio yananyanyuka karibu yenyewe. Zoezi hilo moja hurudiwa mara nyingi kwa siku, kwa wiki kadhaa, na maendeleo mengine ni ya sentimita.

Masaa ya kliniki ni mengi: Uingereza mwanafunzi hutarajiwa kufikisha takribani 1,000 kabla ya kuhitimu. Kuna kuamka mapema, kuna sare, kuna mgonjwa uliyemzoea ambaye asubuhi kitanda chake ni kitupu. Sisemi haya kukutisha. Ni mambo ambayo vipeperushi vya vyuo haviyataji, nawe unastahili kuyajua.

Na kwa anayetaka michezo kweli, ipo. Mchezaji aliyetengenezewa kano ya mbele ya goti kwa upasuaji hupita mikononi mwa mtaalamu wa fiziotherapia kwa miezi mingi, na wataalamu wengi hawapendi arudi kwenye mechi kabla ya miezi 9, hata kama yeye anaapa goti liko sawa. Kumshikilia kijana wa namna hiyo, huku kocha anamtaka, kunadai ujasiri.

*Cheti.* Hapa ndipo fiziotherapia inapong'ara. Unahitimu, unasajiliwa na baraza la nchi yako, una jina la kazi linalojulikana kila hospitali. Tahadhari ni mbili. Kwanza, urefu wa njia si sawa kila mahali: Uingereza ni shahada ya kwanza, wakati Marekani ni shahada ya udaktari wa fani hiyo, kwa kawaida miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza. Pili, usajili hausafiri na wewe. Ukihama nchi utapimwa upya.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, anayefurahia mabadiliko madogo, asiyekereka na harufu za wodi wala maumivu ya watu. Anayetaka kujua tangu siku ya kwanza kwamba mwisho wa njia kuna kazi yenye jina.

Elimu ya viungo

*Unachosoma.* Malezi na ukuaji wa mtoto, mbinu za kufundisha, upimaji, usalama, ujumuishaji wa watoto wenye ulemavu, na michezo yenyewe kwa mapana: riadha, jimnastiki, kuogelea, dansi, michezo ya mpira. Fiziolojia na anatomia zimo, kwa kiwango cha kumwezesha mwalimu kutenda kwa usahihi. Mara nyingi utatakiwa kuwa na somo la pili la kufundishia. Kuingia huwa si kugumu kama fiziotherapia, jambo linalowafanya watu waidharau kozi hii. Wanakosea. Kuongoza viumbe 35 wenye nguvu nyingi mahali pasipo na madawati wala kuta ni kazi ngumu kuliko nyingi ninazozijua.

*Mikono inafanya nini.* Inapanga. Mwanafunzi mwalimu anaanza na mchezo mmoja, mpira mmoja, watoto 30 uwanjani. Unaonekana uchangamfu mtupu. Mkufunzi anampa karatasi na kumwambia: mtazame yule mtoto pale pembeni kwa dakika 10, weka alama kila anapogusa mpira. Karatasi inarudi na alama moja, au haina hata moja. Kesho yake somo lile lile linagawanywa katika viuwanja vidogo, watatu kwa watatu, na mtoto yule yule hana pa kujificha: anapokea, anakosea, anapokea tena. Ufundi wa mwalimu uko kwenye mgawanyo ule, na mtu wa nje hauoni kabisa.

Ukubwa wa kazi unaonekana kwenye takwimu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 waliosoma shuleni duniani hawafikii kiwango kinachopendekezwa cha dakika 60 za mwendo kwa siku. Hakuna maabara wala kliniki inayowafikia watoto wengi hivyo. Mwalimu anawafikia.

*Cheti.* Unatoka na sifa ya ualimu, na ajira ya ualimu ina ngazi zinazoeleweka. Udhaifu ni hadhi ya somo. Hati ya kimataifa ya UNESCO ya mwaka 1978, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, inasema elimu ya viungo ni haki ya kila mtu, lakini mitihani inapokaribia kipindi chake ndicho cha kwanza kunyang'anywa. Ukichagua njia hii ujiandae kulitetea somo lako kwenye kikao cha walimu, mwaka hadi mwaka.

*Inamfaa nani.* Anayewapenda watoto wote, pamoja na wasiojua kucheza. Kama furaha yako iko kwa yule mwenye kipaji peke yake, ukocha utakufaa kuliko ualimu.

Kabla hujajaza fomu

Kuwa mchezaji hodari si sharti la kozi yoyote kati ya hizi, ingawa mwili wenye afya husaidia katika zote.

Jina la kozi ni kanga, unahitaji kuona kilichofungwa ndani. Omba orodha ya masomo ya kila mwaka na uhesabu: kati ya masomo hayo, mangapi ni maabara, mangapi ni nadharia, masaa mangapi ni ya vitendo nje ya chuo? Kozi mbili zenye jina moja la sayansi ya michezo zinaweza kutofautiana sana, nyingine ikiegemea fiziolojia na nyingine ikijaa usimamizi na biashara ya michezo. Uliza kama wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaruhusiwa kushika vifaa au wanatazama tu mhadhiri akivitumia. Kwa fiziotherapia, swali la kwanza ni kama baraza la usajili linawatambua wahitimu wa chuo hicho. Kama hawatambuliwi, miaka yote hiyo haitakupa haki ya kumtibu mtu. Kwa elimu ya viungo, uliza mazoezi ya kufundisha yanaanza mwaka gani. Yakianza mwaka wa mwisho tu, umechelewa kujijua.

Kwa hali yako

Kama unataka kazi yenye leseni na uko tayari kwa ushindani wa kuingia, anza na fiziotherapia. Lakini kwanza omba nafasi ya kukaa siku mbili tatu katika idara ya hospitali, na uombe kuona wodi, usiishie kwenye chumba cha mazoezi.

Kama alama zako hazikufika na moyo umebaki hapo hapo, sayansi ya michezo inaweza kuwa njia ya kuzunguka, ikiwa tu mambo mawili yapo: nchi unayotaka kufanyia kazi ina mafunzo ya fiziotherapia kwa wenye shahada nyingine, na umepiga hesabu ya miaka na ada ya ziada.

Kama unapenda namba na mwili kwa pamoja, na unaweza kumudu uzamili baadaye, sayansi ya michezo itakupa raha ambayo wenzako wa kozi nyingine hawataielewa. Anza kujitolea kwenye timu au kituo cha afya tangu mwaka wa kwanza, na utafiti wako wa mwisho uufanye kwa watu unaotaka kuwahudumia kazini.

Kama unahitaji kipato cha uhakika mapema na unapenda kukaa na vijana, elimu ya viungo ina njia fupi iliyonyooka. Somo la pili ulichague kwa kuangalia yanayokosa walimu.

Kama unataka ukocha na si kingine, tambua kwamba vyama vya michezo vina ngazi zake za vyeti vya ukocha, na hakuna kati ya shahada hizi tatu inayovifuta. Unaweza kuvisomea wikendi huku ukisoma yoyote kati ya hizi.

Na kama tayari uko mwaka wa pili wa sayansi ya michezo na umegundua kwamba unachotaka ni kutibu, usikimbilie kuacha. Tafuta masharti ya kujiunga na uzamili wa fiziotherapia sasa, uone ni masomo gani ya anatomia na fiziolojia wanayodai, uyachague mwaka wa tatu yakiwa bado yako mbele yako, na uombe masaa ya kushuhudia kliniki wakati wa likizo. Wenzangu wawili walipita hapo hapo, na leo wanavaa sare ya hospitali.